Lanzarote: Kisiwa Kilichojua Kukataa

Matangazo ya likizo ya Lanzarote, kisiwa cha Uhispania kilicho katika Atlantiki, huanza na jua. Ni Januari, London na Berlin zimezama kwenye giza na manyunyu, na huku kuna fukwe za Papagayo, maji ya buluu na watu waliojilaza kwenye mchanga. Nyuma kabisa ya picha, kama pambo la ukutani, umesimama mlima wenye rangi ya kutu usio na hata jani moja. Wauza safari wameliweka jua mbele na volkano nyuma kwa sababu jua halihitaji maelezo. Kwa maoni yangu, mpangilio huo umepinduliwa. Jua linapatikana kwingi. Kisichopatikana kwingine ni ile ardhi iliyoungua, pamoja na akili ya watu ambao kwa karibu karne tatu wameishi juu yake wakijua ni mambo gani yasifanywe.

Mtalii anayeshuka kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa hicho analipia, ajue asijue, matunda ya mambo ambayo wenyeji waliyakataa: majengo ambayo hayakujengwa, mabango ambayo hayakusimikwa, barabara ambazo hazikupasuliwa katikati ya lava. Sasa kukataa huko kunalegezwa kidogo kidogo, kwa hoja kwamba mtalii huyo huyo lazima apatiwe nafasi. Hiyo ndiyo hatari inayokikabili kisiwa hiki leo, na naiona kubwa kuliko volkano yenyewe.

Tuanze na jua. Lanzarote ni kisiwa kikubwa kilicho mashariki kabisa katika Visiwa vya Kanari. Kisiasa ni Uhispania, lakini kwa ramani ni jirani wa Afrika: pwani ya bara hilo iko umbali wa takribani kilomita 130 tu. Eneo lake ni kilomita za mraba 846 hivi, na kilele chake kirefu kuliko vyote hakifiki mita 700. Ufupi huo wa milima ndio unaoamua kila kitu. Tenerife, kisiwa kingine cha Kanari chenye mlima Teide wa mita 3,715, huyakamata mawingu yanayoletwa na upepo wa kaskazini-mashariki na kuyakamua maji yake. Lanzarote mawingu hayo hayo hupita juu na kwenda zake. Mvua ya mwaka mzima ni wastani wa milimita 150 hivi, na maeneo mengine hayafikishi hata hizo. Hakuna mto. Mkondo wa bahari wenye maji baridi na upepo usiokoma hupoza hewa, kwa hiyo jua huwaka bila kuunguza kama inavyotarajiwa jirani na Sahara, isipokuwa zile siku ambazo vumbi la jangwani huvuka bahari na kulifunika anga kwa ukungu wa rangi ya mchanga.

Maana yake ni kwamba jua na kiu pale vimezaliwa tumbo moja. Anayeuza la kwanza bila kulitaja la pili ametoa nusu ya habari, na nusu aliyoificha ndiyo inayoamua kisiwa kinaweza kubeba watu wangapi.

Kisha kuna moto. Usiku wa tarehe 1 Septemba 1730, kati ya saa tatu na saa nne, ardhi ilipasuka karibu na kijiji cha Timanfaya. Tunayajua hayo kwa sababu padre wa Yaiza, Andrés Lorenzo Curbelo, aliyaandika alivyoyaona: mlima ulioinuka usiku mmoja, miali ya moto, lava iliyotiririka ikimeza kijiji baada ya kijiji. Milipuko iliendelea, ikipumzika na kuanza tena mahali pengine, hadi Aprili 1736. Karibu miaka sita. Ilipokwisha, takribani robo ya kisiwa ilikuwa imefunikwa na lava na majivu, na ndani ya robo hiyo mlikuwamo mashamba ya nafaka yaliyokuwa bora kuliko mengine yote. Wengi walihama. Mwaka 1824 ardhi ilifunguka tena, kwa muda mfupi zaidi, kama vile kuwakumbusha waliobaki kwamba habari haijaisha.

Waliobaki ndio ninaotaka tuwatazame kwa makini, kwa sababu walichokifanya ni moja ya kazi za kilimo zilizo za busara kuliko zote ninazozijua. Waligundua kwamba ile changarawe nyeusi na nyepesi iliyorushwa na volkano ina tabia ya pekee: usiku hunyonya umande, mchana huuzuia usipae. Chini yake udongo wa zamani ulikuwa bado upo, umezikwa tu. Basi katika bonde la La Geria walichimba mashimo mapana yenye umbo la faneli, mengine yanayozidi kina cha mtu, hadi wakaufikia udongo ule. Ndani ya kila shimo wakapanda mzabibu mmoja, mara chache miwili. Upande unakotoka upepo wakajenga ukuta wa nusu duara kwa mawe ya lava, mfupi, bila saruji. Kisha wakaiacha changarawe ifanye kazi ya mvua.

Ukiitazama La Geria kutoka barabarani unaona maelfu ya mashimo meusi, kila moja na nukta ya kijani katikati, yakipanda mteremko hadi kwenye midomo ya kasoko. Watalii husimamisha magari na kupiga picha, na wana haki. Lakini picha haielezi gharama. Trekta haiwezi kuingia humo. Kila shimo huhudumiwa kwa mkono, changarawe inayoporomoka hurudishwa kwa mkono, zabibu huchumwa kwa mkono. Mavuno kwa eka ni machache mno ukilinganisha na mashamba ya kawaida ya mizabibu. Kiwanda cha mvinyo cha El Grifo kimekuwapo tangu 1775, yaani kizazi kimoja na nusu tu baada ya moto kuzimika, na zabibu ya malvasia inayolimwa humo bado inatoa mvinyo mweupe ambao watu husafiri kwenda kuuonja. Wakulima wale hawakujaribu kuilazimisha ardhi izae zaidi ya uwezo wake. Waliuliza inaweza kutoa nini, wakakubali jibu, na jibu hilo likazaa mandhari ambayo leo dunia nzima inalipia kuiona.

Somo hilo lingebaki la wakulima peke yao kama asingetokea mtu wa kulipeleka kwenye utalii. César Manrique alizaliwa Arrecife, mji mkuu wa kisiwa, mwaka 1919. Alikuwa mchoraji, akaishi Madrid, kisha New York kuanzia 1964 hadi 1966, akarudi nyumbani wakati hasa ndege za watalii zilipokuwa zinaanza kulitafuta jua la Atlantiki. Alikuwa na bahati ambayo wasanii wengi hawaipati: rafiki yake, José Ramírez Cerdá, ndiye aliyekuwa rais wa baraza la kisiwa. Mmoja alikuwa na jicho, mwingine alikuwa na muhuri.

Walichokifanya kinaweza kuelezwa kwa maneno machache, ila utekelezaji wake ulihitaji ukaidi wa miaka mingi. Nyumba zibaki fupi na nyeupe, na milango na madirisha ya kijani kama zamani. Barabarani kusiwe na mabango ya biashara. Kinachojengwa kwa ajili ya wageni kiingie ndani ya mandhari, kisiifunike. Hata leo jengo refu kwelikweli kisiwani ni moja tu, hoteli iliyoko ufukweni Arrecife, na mtu akiiona huelewa papo hapo kisiwa kingefanana na nini kama lingepewa wenzake mia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Jameos del Agua. Maelfu ya miaka kabla ya Timanfaya, volkano ya La Corona iliyoko kaskazini ilitoa lava iliyoganda juu huku ikiendelea kutiririka chini, ikaacha handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita sita kuelekea baharini, na linaloendelea hata chini ya bahari yenyewe. Mahali ambapo paa lake lilianguka palibaki mashimo makubwa. Manrique hakuvunja kitu. Alisafisha, akaweka ngazi, akapanda mimea, akatengeneza ukumbi wa muziki ndani ya pango. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1966. Katikati kuna ziwa la maji ya chumvi, na ndani yake wanaishi viumbe wadogo weupe, jamaa ya kamba na kaa, wasioona, ambao asili yao ni kisiwa hiki peke yake. Hapo pana tangazo linalowaomba wageni wasitupe sarafu majini, kwa sababu chuma kinachooza kinawaua. Yule mwenye desturi ya kurusha sarafu na kuomba bahati hana nia mbaya hata kidogo. Kiumbe kile kitakufa vilevile.

Nyumba yake mwenyewe aliijenga Tahíche, juu ya mapovu matano ya lava iliyoganda, na vyumba vya chini vikawa ndani ya mapovu hayo. Mirador del Río, ya mwaka 1973, imefichwa ndani ya jabali hivi kwamba ukiwa nje unaweza kuipita bila kujua kuna jengo. Bustani ya kaktasi (madungusi) ya Guatiza, kazi yake kubwa ya mwisho, ilifunguliwa mwaka 1990 ndani ya machimbo yaliyoachwa baada ya watu kumaliza kuchukua changarawe ya mashambani. Vituo hivi vya wageni, ukiondoa nyumba yake iliyogeuzwa makumbusho ya taasisi yenye jina lake, vinaendeshwa na kampuni ya umma iliyo chini ya baraza la kisiwa. Tiketi ya mgeni huingia kwenye mfuko wa umma. Jambo hilo dogo la kiutawala nalihesabu kuwa sawa kwa uzito na usanii wenyewe, kwa kuwa sehemu nyingi duniani mandhari ni ya wote ila mlango wake ni wa mtu mmoja.

Timanfaya yenyewe ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Mita chache chini ya miguu joto bado hufika nyuzi mia kadhaa za Sentigredi. Wafanyakazi wa hifadhi humwaga maji kwenye bomba lililozamishwa ardhini na mvuke huruka kwa kishindo. Huweka kichaka kikavu shimoni na kikawaka chenyewe. Na kwenye mgahawa uliobuniwa na Manrique, nyama huchomwa juu ya shimo lisilo na kuni wala gesi. Kuingia ndani zaidi ni kwa basi, kwenye njia ya kilomita 14, na abiria hawashuki. Matembezi kwa miguu yapo, ila kwa kibali na kiongozi, na kwenye njia zilizopangwa.

Malalamiko kuhusu basi hilo ni mengi. Mtu amesafiri saa nne kwa ndege, amelipa, halafu anaambiwa abaki kwenye kiti na kutazama dirishani. Naielewa hasira hiyo, lakini nasimama upande wa basi. Lava ile ni changa. Kwa macho ya kijiolojia imeganda jana. Kilichoanza kuota juu yake ni ukoga na kuvu-mwani wa kijivu na kijani, viumbe vinavyokua polepole kuliko subira ya binadamu. Unyayo mmoja nje ya njia huacha alama inayoonekana kwa miaka na miaka. Zidisha unyayo huo kwa idadi ya wageni wa mwaka mmoja, na baada ya miaka kumi hakuna tena kitu cha kuangalia dirishani.

Hadi hapo ni habari ya mafanikio. Na kama ingeishia hapo nisingekuwa na sababu ya kuandika.

Mwaka 1991 kisiwa kilipitisha mpango wa matumizi ya ardhi ulioweka kikomo cha idadi ya vitanda vya watalii. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri kwa zama zile, na Manrique alikuwa miongoni mwa waliousukuma kwa sauti kubwa. Septemba 1992 alifariki kwa ajali ya gari karibu na nyumba yake ya Tahíche. Mwaka uliofuata UNESCO ikakitangaza kisiwa kizima kuwa hifadhi ya biosfia, wakazi na miji yao ndani yake. Ungedhani ulinzi umekamilika. Badala yake, miaka iliyofuata ilishuhudia ujenzi mkubwa, hasa Playa Blanca kusini, na baadaye mahakama zikabatilisha leseni za hoteli kadhaa zilizokuwa zimetolewa kinyume cha mpango. Leseni zilibatilishwa, majengo yakabaki. Wageni waliendelea kupokelewa, mabwawa ya kuogelea yakaendelea kujazwa maji, na mtu aliyekata tiketi mtandaoni hakuwa na namna ya kujua kwamba kitanda anacholalia kilitakiwa kisiwepo.

Hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa. Kikomo kilichoandikwa kisha kikavunjwa bila jengo kuondolewa kinamfundisha kila mjenzi anayefuata namna ya kuhesabu: jenga kwanza, kesi itakuja baadaye, na kesi ikija utakuwa umeshavuna.

Tazama hesabu ilivyo sasa. Kisiwa kina wakazi wapatao 160,000. Wageni kwa mwaka wanazidi milioni 3, na Waingereza ni wengi kuliko taifa lingine lolote. Maji ya kunywa, ya kuoga, ya kufulia mashuka na ya kujaza mabwawa hutoka baharini, yakiondolewa chumvi kwenye mitambo. Lanzarote ilikuwa ya kwanza Ulaya kufanya hivyo kwa ajili ya mji, tangu katikati ya miaka ya 1960. Kabla ya hapo watu walitegemea mabirika ya mvua na meli za maji. Mitambo hiyo ndiyo iliyowezesha utalii, na hilo halina ubishi. Lakini kuondoa chumvi kunakula umeme mwingi, na sehemu kubwa ya umeme wa kisiwa bado hutokana na mafuta yanayoletwa kwa meli. Juu ya hayo, kiasi kikubwa cha maji yaliyokwisha kusafishwa kwa gharama hiyo huvuja ardhini kupitia mabomba yaliyochoka kabla ya kufika kwa mtumiaji. Wakazi wa vijiji vya mbali na pwani wanajua maana ya bomba kukauka wakati bustani za hoteli zinamwagiliwa. Wale wakulima wa karne ya kumi na nane walioishi kwa umande wangelitazama jambo hili kwa mshangao.

Tarehe 20 Aprili 2024 watu makumi ya maelfu waliandamana katika visiwa vyote vikubwa vya Kanari kwa siku moja. Kaulimbiu yao ilikuwa kwamba Kanari ina kikomo. Magazeti ya nje, hasa ya Uingereza, yaliharakisha kuandika kwamba watalii wanafukuzwa, na wasomaji wengi wakaanza kuulizana kama likizo yao iko salama. Huko ni kuwasoma vibaya waandamanaji. Walidai hoteli mpya zisimamishwe, nyumba za kuishi zisigeuzwe zote kuwa za kupangisha wageni kwa wiki, na mazingira yalindwe. Mwalimu, muuguzi, hata mhudumu wa hoteli anayetandika vitanda hivyo hivyo, hapati chumba cha kupanga karibu na kazi yake, kwa sababu mwenye nyumba anapata kwa mgeni mara kadhaa ya kile ambacho mshahara wa kisiwani unaweza kulipa. Wapo wanaolala kwenye magari ya kambi.

Hoja ya upande wa pili ina uzito na haifai kupuuzwa. Utalii ni zaidi ya theluthi moja ya pato la Visiwa vya Kanari, na takribani ajira nne katika kila kumi zinautegemea. Kabla yake, watu wa visiwa hivi walikuwa wakipanda meli kwenda Cuba na Venezuela kutafuta riziki, na familia nyingi zina babu aliyezikwa ng'ambo ya Atlantiki. Anayesema utalii ulileta balaa tu hajawauliza wazee waliokuwa wakibeba maji kwa ngamia. Mwaka 2020, ndege ziliposimama kwa ajili ya korona, visiwa viliona kwa miezi michache kisiwa bila wageni kinavyokuwa, na hakuna mhudumu wa hoteli aliyeifurahia hali hiyo.

Ila hoja hiyo hujibu swali ambalo halikuulizwa. Hakuna anayetaka wageni wawe sifuri. Swali ni kwa nini, baada ya zaidi ya nusu karne ya mafanikio na rekodi mpya za idadi ya wageni karibu kila mwaka, takribani mtu mmoja katika kila watatu visiwani humo bado anahesabiwa kuwa kwenye hatari ya umaskini au kutengwa kijamii. Kama wageni zaidi wangekuwa dawa, mgonjwa angeshapona. Ongezeko linalipwa na kisiwa kizima, kwa maji, ardhi na kodi ya nyumba, na faida yake kubwa hupanda ndege pamoja na wageni.

Mwanzoni mwa 2023 uongozi wa baraza la kisiwa la wakati huo ulipendekeza njia nyingine: Lanzarote itangazwe kuwa eneo lililojaa kwa utalii, utegemezi kwa soko la Uingereza upunguzwe, na watafutwe wageni wachache wanaotumia fedha zaidi. Kukiri kwamba kisiwa kimejaa lilikuwa jambo la heshima, na kelele zilizofuata kutoka kwa wenye hoteli zilionyesha jinsi ukweli huo ulivyouma. Nashindwa kukubaliana na nusu ya pili. Mgeni tajiri hana kiu ndogo. Jumba lenye bwawa lake binafsi hutumia maji na ardhi kwa kila kichwa kuliko hoteli ya kawaida ya familia. Kubadilisha makondakta wa London kwa mawakili wa Paris hakupunguzi hata lita moja kwenye mtambo wa maji. Kinachopaswa kuhesabiwa ni vitanda na lita; unene wa pochi ni habari nyingine.

Kuna jambo jingine kuhusu volkano ambalo likizo hulisahau kirahisi. Tarehe 19 Septemba 2021, upande wa pili wa visiwa hivyo hivyo, ardhi ya La Palma ilifunguka. Ililipuka kwa siku 85. Watu wapatao 7,000 walihamishwa, zaidi ya nyumba 1,000 zilimezwa, mashamba ya migomba yakazikwa, na mtaa wa Todoque ukafutika kwenye ramani. Siku ya pili tu ya mlipuko, aliyekuwa waziri wa utalii wa Uhispania, Reyes Maroto, alisema tukio hilo linaweza kutumika kuvutia watalii. Alilaumiwa vikali na akalazimika kujieleza kwamba kipaumbele ni waathirika. Siamini kwamba alikuwa mtu mkatili. Nadhani alisema kwa sauti kile ambacho sekta nzima hukiwaza kimya kimya, kwamba moto ni onyesho na kisiwa ni ukumbi. Wakati kamera zinaelekezwa kwenye lava, mtu fulani alikuwa anapakia godoro na albamu ya picha kwenye lori akijua hatarudi.

Timanfaya nayo ilikuwa hivyo. Lava tunayoipita kwa basi tukiisifia rangi yake ina vijiji chini. Sisemi mgeni aende akiomboleza. Miaka mia tatu ni mingi na furaha ya likizo si dhambi. Lakini kujua hilo hubadilisha namna ya kukanyaga.

Basi mgeni afanye nini? Yako mambo mepesi. Asiondoke na jiwe wala mchanga, kwa kuwa ni marufuku na kwa kuwa hauoti tena. Asipange minara ya mawe kwenye fukwe, desturi iliyoenea kwa sababu ya picha za simu na ambayo huwanyang'anya wadudu na mijusi kivuli chao. Alale kwenye hoteli iliyo halali badala ya fleti iliyotoka mikononi mwa familia ya pale. Anunue mvinyo wa La Geria hata kama ni ghali kuliko wa dukani kwao, maana bei hiyo ndiyo inayolipa mikono inayorudisha changarawe shimoni. Mizabibu ikiachwa, mashimo hujaa ndani ya miaka michache na ile mandhari hufa. Akae siku nyingi kwa safari moja badala ya kwenda mara nyingi kwa siku chache. Haya yote yanafaa, na ninayasisitiza.

Hata hivyo, sitaki kumtwika mgeni mzigo usiokuwa wake. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima kwenye baridi na kupata wiki moja ya jua hawezi kugeuzwa mkaguzi wa leseni za ujenzi. Idadi ya vitanda huamuliwa ofisini, kwa sheria, na hapo ndipo shinikizo linapopaswa kwenda. Manrique mwenyewe hakuwafuata watalii ufukweni kuwahubiria. Aliwafuata wenye mihuri, na walipomgeuka aliwasema hadharani hadi siku za mwisho za maisha yake.

Kama ningeulizwa ni wapi pa kuanzia, ningeanza na mabomba. Kabla ya kitanda kipya hata kimoja kuidhinishwa, mtandao wa maji uliopo ukarabatiwe, na gharama ichangwe na kila usiku wa hoteli, kiasi kidogo ambacho mgeni hatakihisi. Pili, hukumu za mahakama kuhusu majengo haramu zitekelezwe kwa vitendo, hata kama ni jengo moja tu litakaloanza kubomolewa, ili wajenzi wanaosubiri wabadilishe hesabu zao. Tatu, leseni za nyumba za wageni zifungwe katika kila mji ambako walimu na wauguzi wameshindwa kupanga. Baraza la kisiwa limekaa juu ya mpango wa vitanda tangu 1991. Lina takwimu, lina wanasheria, na lina wakazi waliojitokeza barabarani kuliunga mkono.